Nililazimishwa kuonja kila chakula cha mume wangu, kumbe vidonda vya tumbo ndivyo vilikuwa vinammaliza

Wakuu habari zenu, pamoja na akina dada mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawajua mpo.

Hii si story ya kusimuliwa. Yamenikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwa mama mkwe, Ujiji. Nilichobadilisha ni majina tu, maana wahusika wana simu na wana muda wa kutosha.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini aende jukwaa la mapishi.

Nianze na mtaa kwanza.

Huku Kigoma mjini, watu wakikaa barazani kuongea maradhi, usipotaja vidonda vya tumbo unaonekana umehamia jana. Jirani yangu wa kushoto ana vidonda. Wa kulia ana vidonda. Mama anayeniuzia sombe, yaani kisamvu, anavyo, na mumewe anavyo. Bangwe tunapokaa, mtu akikataa maharage kwenye msiba hakuna anayemuuliza kwa nini.

Sasa jaribu kumuuliza hata mmoja: ulipimwa wapi?

Anakuangalia kama umemtukania mzazi. "Kwani mimi mwili wangu siujui?"

Ndiyo maana mimi nilikuwa siamini kabisa. Nilikuwa naona vidonda ni jina la heshima la njaa.

Mume wangu, tumuite Shabani, ni mbeba mizigo pale Kibirizi, mwaloni, boti za dagaa zinapotia nanga. Magunia ya dagaa yakishafungwa, wao ndio wanapandisha kwenye malori na kwenye maboti. Kazi ya mgongo. Nami nauza mawese na dagaa wakavu hapa nyumbani, na tuna binti mmoja, Rehema, ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia.

Kibirizi kuna utaratibu ambao wabebaji wote wanaujua, na wake zao tunajifanya hatuujui.

Asubuhi, kabla ya kugusa gunia na kabla ya kutia chochote tumboni, mtu anameza vidonge vya maumivu. Si kwamba mgongo unauma. Anameza ili usije ukauma. Wenyewe wanaita kupaka oili. Diklofenaki inashushiwa na chai ya rangi au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, halafu sigara juu yake. Anayekataa wanamuita karani.

Shabani hakutaka kuitwa karani.

Basi akaanza kulalamika moto chini ya chembe ya moyo. Akiwa na njaa unawaka, akila unapoa, baadaye unarudi. Mwenyewe akajipa jina la ugonjwa kama wenzake: vidonda. Dawa? Maziwa, juisi ya kabichi, na tumbo likizidi anameza kile kile kidonge cha mgongo, kwa sababu si kimeandikwa ni cha maumivu.

Nilimwambia aende akapime. Akasema atakwenda mizigo ikipungua. Mizigo ya dagaa haijawahi kupungua.

Asubuhi moja mama mkwe alikuja kwetu kutoka Ujiji kumuona mjukuu. Shabani siku hiyo hakwenda kazini, alisema anasikia kizunguzungu. Akatoka uani, akainama, akatapika.

Wakuu, kilichotoka kilikuwa cheusi. Kama kahawa iliyobaki chini ya birika.

Mama mkwe alikiangalia kile kitu. Halafu akaniangalia mimi.

"Mwanangu kalishwa," akasema.

Kwa asiyejua, limbwata ni dawa ambayo mwanamke anadaiwa kumwekea mume kwenye chakula ili asisikie la mtu mwingine. Wanasema ikikaa sana tumboni inaoza. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa ameshaona ushahidi pale chini. Ushahidi mwingine alikuwa ameukusanya kwa muda: Shabani anabeba mtoto mgongoni. Shabani anafua kanga zangu na anazianika mbele za watu. Shabani haendi Ujiji kila Ijumaa kama zamani. Na mimi natokea Ilagala, kijiji wanachokiogopa.

Nilimuuliza wifi yangu aliyekuja na mama yake, tumuite Mwamvita, Ilagala kuna nini.

"Kuna mto," akanijibu. "Na mto unaleta vingi."

Mtu mzima kabisa, ana cheti cha kidato cha nne kama mimi.

Nikasema twende hospitali. Nikaambiwa hospitali haioni limbwata. Shabani mwenyewe, baada ya kutapika alipata nafuu kidogo, akasema apumzike kwanza kwa mama yake. Kumbe aliogopa kupasuliwa, hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakampakia kwenye bajaji kwenda Ujiji. Na Rehema wakamchukua. Mama mkwe alisema mtoto hatabaki na mtu ambaye bado hajajulikana.

Bado hajajulikana ni mimi, niliyemzaa.

Nilifunga mlango, nikawafuata.

Narudi wakuu, nilikuwa nageuza dagaa juani.

Sasa sikilizeni utaratibu niliowekewa kule.

Kwetu Uha kuonja ni adabu ya kawaida. Ukimpa mgeni kinywaji, unapiga funda moja mbele yake ndipo unampa. Watu husema "toa sumu" na wanacheka. Nimekua nikiona hivyo, babu yangu alikuwa anawatolea sumu wageni mpaka kinywaji kinaishia kwake.

Kwa mama mkwe hakukuwa na kucheka. Aliamua kwamba aliyelisha ndiye apike na ndiye aonje. Nikimaliza kupika uji, nakaa kwenye mkeka katikati ya ukumbi. Naonja mimi. Mama mkwe anaangalia koo langu mpaka limeze. Anaonja yeye, kuhakikisha. Ndipo anakula Shabani. Kinachobaki anapewa Rehema, maana chakula hakitupwi.

Kijiko ni kimoja. Kile cha uji, mpini umepinda. Na hakiruhusiwi kuoshwa katikati.

Nilipotaka kukisuuza, Mwamvita alinishika mkono. "Ukikiosha ndipo unapoweka."

Fikirieni hilo. Kijiko kinatoka mdomoni kwangu, kinaingia kwa bibi, kinaingia kwa mgonjwa, kinaishia kwa mtoto. Na kukiosha ndiyo dalili ya uchawi.

Sitawadanganya, na mimi nilikuwa nawashuku wote. Usiku mama mkwe akikohoa nawaza anaongea na nani. Kulikuwa na rafiki wa Mwamvita, msichana mrembo, anakuja kila siku na hotpoti ya wali wa nazi "kumjulia hali kaka". Hotpoti ile haikuonjwa na mtu. Inafunguliwa tu, inanukia iliki, Shabani anakula mbili tatu. Nilimuuliza Mwamvita mbona hiyo haionjwi.

"Huyu kwao tunapajua," akasema.

Basi nikaelewa kwamba mtoto wangu amekwishachukuliwa na nafasi yangu inapimwa upana.

Wakati huo Shabani anakwisha. Viganja vimekuwa vyeupe. Akisimama anashika ukuta. Wenzake wa Kibirizi walikuja kumuona, watu wazuri tu, wakamletea zawadi. Mnajua zawadi gani? Vidonge vya mgongo, vimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa anaviweka chini ya godoro na anavimeza tumbo likimkaba. Mama mkwe anaona na ananyamaza. Vidonge vya dukani si chakula, havihitaji kuonjwa.

Siku moja akaninong'oneza kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami na kinanata.

Nilitoka kama naenda gengeni, nikapita zahanati. Nesi hakuniacha nimalize. Akasema mtu anayetapika vyeusi na kupata choo cha namna hiyo huenda anavuja damu ndani, aletwe hospitali leo hii, na asipewe chochote cha kumtapisha.

Hilo la kutapisha ndilo lililonitoa mbio. Kwa sababu nyumbani nilikuwa nimewaacha wanatandika mkeka kumsubiri fundi.

Fundi ni mganga, Ujiji tunamuita hivyo. Alikuwa anakuja alasiri hiyo na dawa ya kulitoa limbwata. Maneno ya mama mkwe: "Atatapika mpaka litoke lenyewe."

Nilirudi nakimbia. Nikawaeleza alichosema nesi.

"Nesi uliyemhonga," akasema Mwamvita.

Fundi alifika na pikipiki. Msimfikirie mzee wa mkoba wa ngozi. Kijana, shati la drafti limepigwa pasi, viatu vyeupe. Dawa yake ilikuwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, rangi ya udongo. Akakaa, akaulizia kikombe, akamimina mpaka juu.

Shabani yuko kwenye godoro pembeni, macho yameingia ndani. Rehema amekaa miguuni kwa bibi yake.

Wakuu, nilikuwa sina mpango wowote. Sina nguvu za kumbeba mwanaume, sina ndugu pale. Nilikuwa na kijiko tu mkononi, maana nilikuwa nimetoka kuonja uji.

"Aonje kwanza," nikasema.

Mama mkwe akageuka. "Nani?"

"Mwenye dawa. Nyumba hii kila kinachoingia mdomoni kwa Shabani kinaonjwa. Na yeye atoe sumu."

Fundi akacheka kidogo. "Dada yangu, dawa haionjwi na asiyeumwa. Inamgeukia."

"Mbona mimi siumwi na naonjeshwa kila siku?"

"Wewe mtoto," mama mkwe akasema, "usinivunjie heshima mbele ya mgeni."

"Mama, heshima yako iko pale pale. Utaratibu umeuweka wewe na mimi nimeufuata bila kukujibu. Kijiko hiki hapa, sijakiosha."

Nikakiweka juu ya kikombe.

Nilimwona mama mkwe anavyokiangalia kile kijiko. Ni mwanamke mwenye msimamo, hilo simnyimi. Sheria yake ni sheria.

"Basi onja kidogo mwanangu," akamwambia fundi kwa sauti ya chini, "tumalize maneno."

Fundi akaangalia simu yake. "Ningeonja mama, ila leo nimefunga."

Halafu Mwamvita, ambaye hajawahi kunitetea tangu niolewe, akasema bila hata kufikiri: "Si umetoka kunywa soda hapo nje?"

Shabani ndiye aliyemaliza mambo. Alijiinua kwa kiwiko. "Mama, kama mwenye dawa haiwezi, mimi nitaiwezea wapi? Nipelekeni hospitali."

Fundi alichukua chupa yake. Kikombe alikiacha. Nilikimwaga shimoni mimi mwenyewe na kikombe nikakiosha, na siku hiyo hakuna aliyenishika mkono.

Hospitali walimlaza hapo hapo. Wakamwekea damu, kesho yake wakampitishia kooni mpira wenye kamera. Daktari alikuwa mama mmoja aliyehamia huku kikazi, anaongea haraka. Akamuuliza Shabani anatumia dawa gani.

"Hakuna," Shabani akasema.

Nikatoa ile karatasi ya gazeti na vidonge vyake, nikaiweka mezani. Nilikuwa nimeichukua chini ya godoro wakati wanamvalisha.

Daktari alivihesabu kwa macho, akauliza anavimeza kabla ya kula au baada. Shabani akaangalia ukuta.

Akatueleza. Nitaandika nilivyoelewa, wataalamu humu mnirekebishe. Visababishi vikubwa vya vidonda vya tumbo ni viwili. Kuna bakteria wanaoishi tumboni, na kuna dawa za maumivu za aina hiyo zikitumika hovyo. Vyote viwili vikikutana kwa mtu mmoja, hali ni mbaya zaidi. Sigara inaongeza hatari na inachelewesha kupona. Pilipili na mawazo vinaweza kukuzidishia maumivu, lakini si ndivyo vinavyochimba kidonda kama tunavyoambiana barazani. Shabani alikutwa na hao bakteria, na vidonge alikuwa anavimeza kama karanga.

Mama mkwe alisikiliza yote mpaka mwisho. Halafu akauliza swali lake.

"Na limbwata, daktari?"

"Mama, nimemulika mpaka ndani. Nimeona kidonda kinavuja damu. Jina la mwanamke sikuliona."

Ningemkumbatia yule daktari.

Akauliza nani mwingine nyumbani ana shida ya tumbo. Mama mkwe ana kiungulia cha miaka, anatembea na magadi ya kulamba kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa nimeanza kujaa gesi na kichefuchefu, nikidhani ni hasira. Mimi na mama mkwe tukapimwa choo. Bakteria hao tunao wote wawili. Mwamvita alikataa kupima, akasema yeye hajamkosea mtu. Rehema daktari alisema hana dalili, tumwangalie tu, watoto hawapewi dawa hizo kwa kubahatisha.

Nikamweleza daktari habari ya kijiko. Nilitaka aseme pale pale, mbele ya mama mkwe, kwamba kijiko ndicho kilichotuambukiza.

Hakusema hivyo. Alisema hakuna anayeweza kujua nani alianza na nani alimpa nani. Wengi wanawapata hao bakteria utotoni na wanaishi nao bila kujua. Mahali ambapo watu wamebanana, maji si salama na vyoo ni vya shida, wanaenea kirahisi. Mdomo kwa mdomo inawezekana, mikono isiyonawiwa baada ya choo inawezekana. Ila akamwangalia mama mkwe akasema: "Kijiko kioshwe."

Sasa ndiyo hasira yangu. Familia nzima ilikaa macho ikinilinda nisiweke sumu, na kinga yao ikawa kuzungusha mate ya watu wazima mpaka kwa mtoto. Na vidonge vyenyewe vilivyokuwa vinamchimba mume wangu vililala chini ya godoro lake, vimeletwa na watu wanaoaminika. Hakuna aliyevishuku, kwa sababu havikupikwa na mimi.

Shabani alitoka hospitali amekonda lakini anacheka. Kibirizi amerudi juzi kwa kazi ya kupanga magunia, si kubeba. Wenzake wanamuita karani. Anasema anaitika.

Msamaha sijaombwa, msisubiri hilo. Siku ya kurudi Bangwe, mama mkwe alimchukua Rehema, akaniambia geuka, akamfunga mgongoni kwangu kwa kanga yake mwenyewe, ile yenye pindo la magadi. Nikashika njia kabla hajabadili mawazo.

Ikabaki dozi. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumeandikiwa dawa zile zile, mchanganyiko wa kumeza asubuhi na jioni bila kuruka. Mwamvita akapiga simu kwamba mama hamezi, anasema vidonge ni vingi na hajui vimetoka wapi. Nikapanda bajaji na dozi yangu mkononi.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ule ule, vidonge vyake amevipanga mbele yake, anaviangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akasogeza bilauri ya maji upande wangu. "Onja wewe kwanza."

Nikameza vyangu mbele yake, kimoja kimoja. Alikuwa anaangalia koo langu kama zamani. Halafu akanyanyuka, akaenda kuleta bilauri nyingine, safi, akameza vyake.

Tulikwenda hivyo, asubuhi na jioni kwa bajaji, mpaka dozi ikaisha. Hajaniamini, na mimi sijamwamini. Lakini tulimaliza.

Somo langu ni fupi. Kama una moto chini ya chembe ya moyo, usijipe jina la ugonjwa barazani, nenda kapime. Ukitapika vyeusi au choo kikiwa kama lami, usimsubiri mtu wa pikipiki. Mume akiwa mbeba mizigo, mpekue mifuko, si kwa ajili ya namba za wanawake, kwa ajili ya vidonge. Na kabla hujamshuku mwanamke wa watu kwa sababu kijijini kwao kuna mto, angalia kwanza chini ya godoro lako.

Wa Kigoma mliomo humu, na wa mikoa mingine, niambieni: ni wangapi mna vidonda vya kupimwa, na wangapi mna vya kuambiwa na jirani? Wake wa wabebaji, semeni na nyie.

Ila kuna watu najua wameshaanza kuandika kwamba wana dawa ya asili inayomaliza vidonda moja kwa moja. Karibuni. Mje na chupa zenu, na muonje nyie kwanza.